Kumbukumbu za kupewa: roboti, picha za Likoni na watu wa Kengeleni

Binamu yangu mmoja ana picha ya utotoni amesimama mlangoni mwa ndege, mkono mmoja ameshika reli ya ngazi, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vipya, uso wa mtoto aliyeambiwa usicheke. Ndege yenyewe imechorwa kwa rangi kwenye kitambaa, na ukiangalia vizuri chini kulia utaona kitambaa kimekunjika na kwa nyuma kuna mguu wa meza na ndoo. Waliokuwa wanapita Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 wanajua ninachosema, pale karibu na feri wapiga picha walikuwa na vibanda vyao, kila mmoja na pazia lake, huyu ana ndege, yule meli kubwa, mwingine maghorofa ya mji ambao hauko popote, na maua ya plastiki chini, mtu akishuka feri na vijisenti vyake anasimama anapigwa, picha inatumwa kwao bara, wanaona kijana amefika.

Sasa huyu binamu, na ni mtu mzima ana watoto, anaikumbuka hiyo safari ya ndege. Anakwambia masikio yalivyoziba, anakwambia kuna dada aliyefunga skafu shingoni aliwapa peremende, anakwambia aliiona Mombasa yote kutoka juu na maji yameizunguka. Mamake akisikia anacheka mpaka anajishika mbavu, "we mwanangu ndege gani, hata basi la Malindi tulikuwa tunakopa nauli." Yeye habishani naye. Anasubiri mama aende jikoni halafu anaendelea na stori alipoachia.

Namtaja kwa sababu juzi nimeirudia Blade Runner, ile ya zamani ya 1982 ya Ridley Scott, na kila nikiiangalia huyu binamu ananijia tu. Kwa asiyeijua: tuko Los Angeles, Novemba 2019 (ndo, tarehe imeshapita na magari bado yanatembea chini), kuna kampuni inatengeneza watu bandia, wana nguvu kutushinda, akili kama za waliowatengeneza, wanapelekwa sayari nyingine kufanya kazi ambazo hakuna mwenye hiari angezifanya, na wamewekewa umri wa miaka minne tu. Wakitoroka wakarudi duniani wanawindwa na polisi maalum, na kuwaua hakuitwi kuua. Shida ni kuwatambua, manake damu wanatoka na machozi wanatoka, kwa hivyo kuna kipimo, unakalishwa mbele ya mashine inayotazama mboni ya jicho lako, unaulizwa maswali ya kukugusa moyo, jicho likichelewa umekwisha. Yule Leon mwanzoni anaulizwa aseme anachokumbuka kuhusu mamake na jibu lake ni risasi. Hilo swali la mama si la bahati mbaya, tutalirudia.

Halafu kuna Rachael. Kwa kawaida mpimaji anahitaji maswali ishirini thelathini, kwa Rachael yamepita mia ndo akapatikana, na sababu ni kwamba yeye mwenyewe hajijui. Amepandikizwa kumbukumbu. Ana picha yake akiwa mdogo na mamake, anaileta kwa mpelelezi Deckard kama ushahidi, kama vile sisi tunavyopeleka cheti cha kuzaliwa, na Deckard bila hata huruma anaanza kumhadithia utoto wake, mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Kulikuwa na buibui nje ya dirisha, mwili wa rangi ya chungwa, miguu ya kijani, amejenga utando wake msimu mzima wa joto, siku moja yai likapasuka. Rachael mwenyewe anamalizia: wakatoka watoto mia, wakamla mama yao. Deckard anamwambia hizo si zako, ni za mpwa wa Tyrell, mwenye kampuni.

Na Tyrell hajaziweka hizo kumbukumbu kwa mapenzi. Anaeleza waziwazi kwamba hawa viumbe wana hisia kubwa na maisha mafupi, hawana mto wa kuegemea, ukiwapa mambo ya nyuma wanatulia, inakuwa rahisi kuwatawala. Watu wengi wakizungumzia hii muvi wanaenda moja kwa moja kwenye swali kubwa, je mwenye kumbukumbu bandia ni binadamu, na wanalipita hili la Tyrell. Mi naona hapa ndo penyewe. Utoto wa Rachael ni kamba aliyofungwa na tajiri wake, na hiyo kamba ndo kitu pekee anachokipenda.

Wazo kwamba mtu ni kumbukumbu zake ni la kitambo sana. John Locke, Mwingereza, mwaka 1694 alitoa mfano wa roho ya mwana wa mfalme kuhamia mwili wa fundi viatu ikiwa na kumbukumbu zake zote, akasema mtu ni yule mwana wa mfalme, mwili ni wa fundi. Sayansi ya kubuni yote tangu hapo inakula kwenye sahani hiyo. Lakini akatokea Mskoti, Thomas Reid, mwaka 1785 akamvuruga: kuna mtoto alichapwa kwa kuiba matunda, akakua akawa afisa shujaa anakumbuka zile fimbo, akazeeka akawa jenerali, anakumbuka ushujaa lakini fimbo amezisahau kabisa. Kwa hesabu ya Locke jenerali ni yule afisa, afisa ni yule mtoto, na jenerali si yule mtoto. Sijawahi kusikia mtu akilijibu hili bila kuanza kuongeza vipengele.

Tatizo lingine ni kwamba sisi wenyewe tuliozaliwa na mama tunapandikizwa kila siku. Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1995 na mwenzake Pickrell walichukua watu 24, wakawapa stori za utotoni walizopata kwa ndugu zao, za kweli tatu na moja ya kutunga, kwamba ulipokuwa mdogo ulipotea dukani ukalia mpaka mama mmoja mzee akakuokoa. Karibu robo yao wakaja kuikumbuka kwa kiasi fulani, wengine na vitu vya kuongeza juu. Bila mashine yoyote, stori tu, na ndugu wa kuithibitisha. Kabla ya hapo, mwaka 1974, aliwaonyesha watu video za magari kugongana halafu akawauliza yalikuwa yanakwenda kasi gani, ukitumia neno kali la kugongana wanataja kasi kubwa, ukitumia neno laini wanataja ndogo, na wote wameona video ile ile.

Nikisoma hizo tafiti nawaza Mtongwe. Ukikaa na watu wa rika fulani upande wetu huu wa kusini, mazungumzo yakikolea, tarehe 29 Aprili 1994 itatajwa, siku ile feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa. Na ukisikiliza utashangaa ni wangapi nusura wapande. Mmoja alirudi kuchukua mwavuli, mwingine alisimamishwa na mtu wa deni, mwingine mguu ulikuwa umeshakanyaga chuma akasikia moyo unamkataza. Simwiti mtu mwongo hapa, tena wengine najua kwa hakika walikuwepo. Ila ukizijumlisha zote, ile feri ingehitaji kuwa mara nyingi ya ukubwa wake. Kilichotokea ni kwamba ule msiba ulikuwa mkubwa mno kuwa nje yake, kila mtu alipoteza mtu au jirani wa mtu, na miaka inavyokwenda stori inakusogeza, leo ulikuwa nyumbani, kesho ulikuwa njiani, keshokutwa uko kwenye foleni na mwavuli umeusahau. Hakuna aliyewapandikiza. Walijipandikiza wenyewe, kwa pamoja, wakiomboleza.

Kwa hiyo mtu akiniambia Rachael si mtu kwa sababu buibui si wake, namwambia basi nusu ya Likoni tuiite kwa kipimo.

Wajapani waliliona hili kwa ukali zaidi. Katika Ghost in the Shell, ile ya Mamoru Oshii ya 1995, kuna mzoa taka anayehangaika na mke anayetaka talaka, na bintiye anayempenda, anamwonyesha mwenzake picha ya huyo binti. Wanakuja polisi wanamwambia ndugu yangu wewe huna mke, huna mtoto, uliingiliwa kichwani, hebu angalia hiyo picha. Kwenye picha yuko yeye na mbwa. Na huyu ni binadamu, hakutengenezwa kiwandani. Anakaa tu pale kwenye kiti, na filamu inaendelea na mambo yake ya kupigana na kupiga risasi, ambayo mi kwa kweli huwa naisogeza mbele nifike mahali wanapozungumza.

Sasa tugeuze upande wa pili. Kama kumbukumbu ndo mtu, asiye nazo je?

Mwaka 1953 huko Marekani kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison, dunia ilimjua kama H.M. mpaka alipokufa 2008, alipasuliwa ubongo kutibu kifafa kikali, wakamtoa sehemu za ndani pande zote mbili, ikiwemo ile inayoitwa hipokampasi. Kifafa kikapungua. Lakini kuanzia siku hiyo hakuweza tena kushika jambo jipya, unamsalimia, unatoka, ukirudi baada ya dakika chache hajawahi kukuona. Akaishi hivyo miaka hamsini na tano. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa zoezi la kuchora nyota kwa kutazama mkono wake kwenye kioo, jaribu utaona, mkono unakwenda kinyume na unavyotaka. Siku ya kwanza akaharibu, siku ya pili afadhali, siku ya tatu anachora safi kabisa, na kila siku anasema hili zoezi hajawahi kulifanya maishani mwake. Ndo tukajua kumbukumbu si kitu kimoja, kuna ya kuhadithia na kuna ya mikono, na zinakaa sehemu tofauti.

Hii niliiona nyumbani kabla sijaisoma. Nyanya yetu mwisho wake alishikwa na maradhi ya kusahau, akawa anamwita mama yangu kwa jina la dadake aliyekufa zamani, wajukuu ndo kabisa, sisi wote tukawa "we mtoto." Lakini ukimwekea miyaa imeloweshwa kidogo, mikono inaanza. Dole gumba linabana, kidole cha pili kinapindua, anachomeka mwaa mpya pale wa zamani ulipokaribia kuisha bila kutazama, na ukili unatoka umenyooka, upana ule ule kutoka mwanzo mpaka unapoviringishwa mapajani. Ukimuuliza nyanya wasuka nini, anatazama mikono yake kwanza ndo ajibu. Na jibu lilikuwa tofauti kila siku, mkeka wa harusi ya fulani, kikapu, msala wa babu yenu. Ukili haukubadilika.

Na hapo ndo nairudia ile sehemu ya piano ambayo watu huipita kwa sababu inaonekana ya mapenzi. Rachael ameshaambiwa ukweli wote, yuko nyumbani kwa Deckard, Deckard amelala kwenye kiti, piano imejaa picha za zamani za watu, anakaa anaanza kupiga. Deckard anaamka. Rachael anamwambia hakujua kama angeweza kupiga, anakumbuka alifundishwa, ila hajui kama aliyefundishwa ni yeye au ni yule mpwa. Deckard anamwambia unapiga vizuri. Basi. Yale masomo hayakumtokea, mwalimu hakuwepo, lakini sauti iliyotoka kwenye zile nyuzi imetoka saa ile, kwa vidole vile, na kuna mtu mwingine chumbani ameisikia. Kuanzia hapo usiku ule ni wake, na hakuna mpwa wa Tyrell anayeweza kuudai.

Mi nasema hivi, na wenye kubisha wabishe: kinachoifanya kumbukumbu iwe yako si ilikotoka. Ni kuwa na mtu wa kuikumbuka naye, mtu anayeweza kukwambia "ndo ilikuwa hivyo" au "acha uongo, ndege gani." Nyanya alipoteza karibu yote lakini sisi tulikuwa tunamshikia, tukimsahihisha, tukimdanganya kidogo siku nyingine kwa ajili ya amani, na hakuna siku hata moja ambayo hakuwa mtu. Mzoa taka wa Oshii alichokosa si ukweli wa ile picha peke yake, amekosa hata shangazi mmoja wa kumpigia simu.

Na hili sikulipata kwenye muvi, nimelipata Kengeleni. Wengi tunapita pale kila siku, umetoka mjini umevuka daraja la Nyali, konda anapiga kelele Kengeleni, mtu anashuka, na hatujiulizi kengele gani. Iko pale pale. Ni kengele ya Frere Town, mtaa uliojengwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ile, na jina likatoka kwa Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyekuja kuusukuma mkataba huo. Kengele iligongwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja.

Fikiria walioishi pale ni akina nani. Mtoto amechukuliwa kwao, labda ni Myao, labda kwao ni huko ziwa Nyasa, amepita mikono ya watu watatu wanne, kila mmoja na lugha yake, akapakiwa jahazini, meli ya Waingereza ikalisimamisha. Wengine walipelekwa mpaka Bara Hindi, Nashik karibu na Bombay, kule wakasomeshwa, wakapewa ufundi, dini na majina, na baadaye baadhi wakarudishwa huku pwani, akina William Jones na George David. Jacob Wainwright, aliyesindikiza maiti ya Livingstone mpaka London mwaka 1874, alitoka shule hiyo hiyo ya Nashik. Angalia hayo majina. Kuna aliyekuja na jina alilopewa na mamake, halijulikani tena, akapewa jina la Kizungu, siku ya kuzaliwa ya kukisia, na hadithi mpya ya yeye ni nani iliyoandikwa na waliomwokoa, kwa nia njema na si kwa nia njema tu, manake mishenari nao walitaka vibarua na waumini. Wenyeji wakawaita Wamisheni, na halikuwa jina la heshima wakati huo.

Kwa kipimo cha muvi hawa ni Rachael mtupu. Mambo ya nyuma waliyonayo mengi ni ya kupewa, na aliyewapa alikuwa na faida yake.

Lakini walipewa wote pamoja, mtaa mmoja, kanisa moja, kengele moja. Wakaoana, wakagombana, wakazikana, wakawa na vizazi vinavyojua hili kaburi la nani na ile shamba ilikuwa ya nani na nani aliikosa, na mpaka leo wapo, na ukitaka kujua kama ni watu wenye kumbukumbu zao jaribu kuzungumzia ardhi ya Kisauni mbele yao. Hakuna haja ya kuwapima mboni.

Tangu nilipoanza kuwaza hivyo Blade Runner imebadilika kwangu, sioni tena swali la roboti ni mtu au si mtu, naona stori ya watumwa waliotoroka jahazini. Na nikaona kitu ambacho sikukitilia maanani kabla: Roy Batty na wenzake, wale wanaowindwa, filamu haituambii popote kwamba Roy amepandikizwa utoto. Alichonacho ni miaka yake minne, na wenzake. Wametoroka pamoja, wanatafutana, mwenzao Pris akiuawa Roy anamlilia na kumbusu. Rachael ana utoto mzima wa kifahari na hana hata mtu mmoja wa kumwambia "wewe ulikuwa mtundu." Roy ana miaka minne na ana ndugu. Kati ya hao wawili aliyekamilika ni Roy, ndo maana mwisho anaweza kumvuta juu yule Deckard aliyekuja kumuua, halafu anakaa mvuani anamhadithia aliyoyaona huko mbali angani, meli za vita zikiungua. Yule Rutger Hauer aliyeigiza ndiye aliyekata maneno mengi ya skripti na akaongeza mwenyewe ile ya machozi mvuani, na akafariki 2019, mwaka ule ule Roy anaokufa ndani ya filamu, mambo mengine hata ukitunga watu hawatakubali. Ninachotaka kusema ni kwamba Roy hakufa akiwa peke yake na alihakikisha hilo. Wenzake wote wameisha, akamtafuta msikilizaji kwa nguvu, hata kama ni adui.

Kuna wanaosema maumivu ndo yanamfanya roboti awe mtu. Ile tamthilia ya Westworld ya 2016 imejengwa juu ya hilo, viumbe vinafutwa kumbukumbu kila siku ili vidhulumiwe upya, na mtengenezaji anaamini mateso ndo yatawaamsha, mmoja wao amepewa mpaka mtoto wa kumfia. Sikubaliani kabisa. Ni falsafa ya mtu ambaye hayuko kwenye foleni ya kuteswa. Watu wa Frere Town hawakuwa watu kwa sababu ya jahazi.

Na hizi AI za kuchati za sasa, kwa sababu najua mtu ataniuliza. Zinavyofanya kazi, kwa ufupi, kuna yale iliyofundishwa kabla, hayo yameganda humo ndani, halafu kuna maandishi ya mazungumzo yenu ambayo inayasoma upya kila unapotuma kitu, na yakiwa marefu kupita kiasi ya mwanzo hayaingii tena. Ikikwambia inakukumbuka wiki iliyopita, ina maana kuna programu iliyohifadhi vijimaandishi kukuhusu na kuvichomeka mbele kabla hujaanza. Ni H.M. na daftari. Mi sina ugomvi na daftari, hata nyanya tulimbandikia karatasi mlangoni. Nauliza tu daftari liko kwa nani, nani anaweza kulifuta, na je wale wanaochati nazo usiku kucha wakizieleza mambo yao ya ndani, kuna siku hata moja inawakatalia na kusema hapana, siku ile haikuwa hivyo, nilikuwepo? Haikuwepo. Mara nyingi inakubali tu. Binamu yangu angeipenda sana.

Ile ya pili, Blade Runner 2049 ya Denis Villeneuve ya 2017, ilikaribia sana kufika ninapotaka halafu ikageuza. K ni roboti polisi anayejijua kwamba ni roboti, ana kumbukumbu ya farasi mdogo wa mbao aliyemficha akiwa mtoto, anamkuta farasi kweli, anaanza kuamini kwamba yeye ndiye mtoto wa miujiza aliyezaliwa badala ya kutengenezwa. Kumbe kumbukumbu ni ya mwanamke mwingine, Ana, kazi yake ni kutunga utoto wa maroboti, na amemchomekea ya kwake mwenyewe japo sheria inakataza. K anaambiwa ukweli na kiongozi wa waasi, mwanamke mzee wa jicho moja, naye anamwambia kwa upole kwamba ulidhani ni wewe, sote tulitamani ingekuwa sisi. Pale nyuma yake kuna wenzake wamesimama gizani. Na filamu inatoka chumbani inakwenda kupigana kwenye maji.

Nilitaka ibaki mle. Kuna mtu atakuja kuiandika, na natamani awe wa huku kwetu. Bandarini Kilindini kontena linafunguliwa, mna maroboti wa kupakua mizigo, kiwanda kimebana matumizi kikawapandikiza wote utoto mmoja, mama mmoja, ua moja lenye mwembe, wimbo mmoja wa kulalia. Tajiri hajali, anataka watulie. Wanapelekwa zamu, hawaruhusiwi kuongea, mpaka siku moja wawili wako kivulini wakisubiri kreni itengenezwe, mmoja anaimba chini chini, mwenzake anamalizia mstari. Wanatazamana. Huyu anasema huo ni wimbo wa mamangu. Yule anasema mamako nani, yule ni mamangu mimi, alikuwa akinipikia viazi vya karai. Huyu anasema mongo mkubwa we, mama hakuwahi kupika viazi vya karai, alikuwa akinunua kwa jirani. Na wengine wanaacha mizigo wanasogea, kila mmoja ana la kusema kuhusu vile viazi, na msimamizi anapiga filimbi na hakuna anayeisikia.